Mzee Stevenson, Mtu Aliyepima Nguvu ya Mawimbi

Ukurasa huu umezoea kutuletea wasifu wa wazee wetu wa nyumbani, na ni jambo jema. Safari hii naomba mnivumilie niwaletee mzee wa huku huku tunakoishi, Mskoti, aliyefariki Edinburgh mwaka 1887. Msigune kwanza. Jina lake mnalijua wote mliosoma jiografia sekondari, iwe Tanzania, Kenya au Uganda. Kile kisanduku cheupe cha mbao kinachosimama kwa miguu minne katikati ya majani ya kituo cha hali ya hewa, kuta zake vibao vilivyolala mshazari, ndani mna vipimajoto: ndicho kisanduku cha Stevenson. Tulikichora kwenye daftari, tukakariri kwa nini kimepakwa rangi nyeupe na kwa nini kuta zake zina nafasi, tukajibu mtihani, basi. Stevenson mwenyewe alikuwa nani hatukuuliza, na mwalimu hakusema.

Alikuwa Thomas Stevenson, mhandisi wa bandari na minara ya taa. Wapenzi wa vitabu watamjua kwa njia nyingine, maana alikuwa baba yake Robert Louis Stevenson, yule mwandishi wa hadithi ya maharamia ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili enzi za ukoloni kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Mtoto amekuwa maarufu hadi kamfunika baba. Lakini mimi nasomea ujenzi, na kwetu sisi mzee ndiye mwenye habari. Yeye ndiye aliyepima kwa chombo pigo la wimbi la bahari wakati wengine wakikisia tu kwa macho. Na pamoja na kupima kwake kote, bahari ilikuja kumdhalilisha mbele ya watu, si mara moja. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 22 Julai 1818, kitinda mimba katika nyumba ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kuwasha taa baharini. Baba yake, Robert, ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba unaozama kila maji yakijaa, taa yake ikawashwa mwaka 1811. Kaka yake Alan alijenga Skerryvore, mwamba mwingine wa kutisha upande wa magharibi, taa ikawaka mwaka 1844. Kaka mwingine, David, alikuwa mhandisi pia. Kwa hiyo kijana Thomas hakuulizwa sana anataka kuwa nani. Akiwa na miaka 17 hivi aliingizwa kwenye ofisi ya baba, na mwaka 1846 akawa mbia. Mkisikia kampuni ya ukoo, ndiyo hiyo.

Cha ajabu ni kwamba hesabu hazikuwa ndugu zake. Ndiyo, mhandisi aliyeacha jina hakuwa mwanahesabu, na alipokwama kwenye mahesabu magumu ya mwanga na lenzi alikuwa akiwaendea rafiki zake maprofesa wamsaidie. Nguvu yake ilikuwa macho na subira. Alikuwa mtu wa kukaa ufukweni saa nzima anatazama mawimbi yanavyokuja, yanavyojikunja, yanavyorudi, kisha anaandika. Naandika haya kwa makusudi, maana najua humu ndani wapo waliokimbia sayansi kwa kuogopa hesabu.

Sasa tuje kwenye chombo chake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1840 alitengeneza kitu cha chuma, silinda inayofungwa kwa boliti juu ya mwamba. Mbele yake kuna sahani ya chuma inayotazama bahari, nyuma ya sahani kuna springi kali. Wimbi likipiga, sahani inarudi nyuma na fito zake zinaingia ndani. Kwenye fito kuna vipete vya ngozi vinavyobana. Fito zikirudi mahali pake, vipete vinabaki pale viliposukumwa, kwa hiyo maji yakipwa mtu anakwenda, anasoma vipete viko wapi, anajua pigo kubwa kuliko yote lilikuwa la kiasi gani. Hakuna umeme wala kompyuta. Ni springi na ngozi.

Vipimo vya Skerryvore vikawashangaza watu. Miezi ya kiangazi wastani ulikuwa kama tani 3 kwa kila mita ya mraba. Miezi ya baridi ukapanda hadi kama tani 10. Halafu tarehe 29 Machi 1845, katika dhoruba, chombo kikaonyesha ratili 6,083 kwa futi ya mraba, ambazo kwa vipimo vyetu ni karibu tani 30 kwa mita ya mraba. Chukua mzigo wa semitrela lililojaa la kutoka Dar kwenda Kigali, uubandike wote kwenye eneo la meza moja ya chakula, tena kwa ghafla. Wanaopima siku hizi kwa vyombo vya umeme wanajua kwamba hata hiyo haikuwa picha kamili, kwa sababu springi ni nzito na pigo la wimbi linalovunjika ukutani lina kilele cha muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, ambacho springi haiwahi kukifuata. Lakini wakati ule ilikuwa mara ya kwanza bahari kupewa tarakimu.

Akaendelea. Mwaka 1852 alitoa kanuni ya kukisia urefu wa wimbi kutokana na upana wa maji ambayo upepo umeyavuka. Chukua umbali huo kwa maili za baharini, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa moja na nusu, unapata urefu wa wimbi kwa futi. Hebu tuijaribu nyumbani. Kutoka Bagamoyo kuvuka hadi mji wa Unguja ni kama maili 25 za baharini. Kipeuo cha 25 ni 5, mara moja na nusu ni futi saba na nusu, yaani mita 2 na kidogo. Nahodha wa jahazi atakwambia upepo ukichafuka si uongo sana. Kanuni yenyewe ina kasoro, haiulizi upepo una kasi gani wala umevuma kwa saa ngapi, na leo hakuna mtu anayejenga bandari kwa hiyo peke yake. Ila kwa mtu aliyekuwa na daftari na macho tu, ni kazi.

Kile kisanduku cheupe alikieleza mwaka 1864. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha hali ya hewa cha Scotland na alitaka vipimajoto vya kila mahali visome kwa namna moja. Jua lisivipige, lakini hewa ipite. Wala hakujipatia hela kwa uvumbuzi wake, kwani hakuchukua hataza hata moja. Aliona kwamba mtu anayelipwa na serikali, alichokibuni ni cha nchi. Mwaka huo huo wa 1864 alitoa kitabu chake kuhusu kusanifu na kujenga bandari, kikawa cha kutegemewa.

Na mwaka uliotangulia, 1863, ile kazi ya Wick ilikuwa imeanza.

Wick iko kaskazini kabisa mwa Scotland, upande wa mashariki. Mwaka jana nilipanda treni kutoka Inverness kwenda huko, safari ya zaidi ya saa nne, mpaka unajiuliza kama kuna watu mbele. Mji wa sasa ni mdogo na mtulivu. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa bandari ya heringi ya kutajwa Ulaya nzima, msimu ukifika boti zaidi ya 1,000 ziko hapo, na wanawake wamepanga mstari wanapasua samaki na kuwapaki kwenye mapipa kwa chumvi. Tatizo lilikuwa kwamba bandari ilikuwa ndogo na ilikauka maji yakipwa. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Agosti 1848 dhoruba ilizikuta boti nje. Zilizokimbilia nyumbani zikakuta maji hayatoshi kuingia, zikawa zinasubiri mlangoni huku bahari inazigonga. Wick peke yake walikufa wanaume 37, na pwani nzima ya mashariki karibu 100. Wengine walizama mbele ya macho ya wake zao waliokuwa wamesimama nchi kavu.

Kwa hiyo, tukizungumzia ukuta wa Wick, tusidhani ni mambo ya fahari ya wahandisi. Watu waliuhitaji. Ghuba ya Wick imefungua mdomo wazi kuelekea Bahari ya Kaskazini, na mpango ulikuwa kujenga kivunja mawimbi kirefu kutoka upande wa kusini, ili nyuma yake pawe na maji matulivu na yenye kina. Kazi ikapewa kampuni ya akina Stevenson, David na Thomas.

Walijenga hivi. Chini walimwaga mawe hadi kufika kina cha mita chache chini ya maji kupwa. Juu ya lundo hilo wakasimamisha ukuta wa mawe makubwa ya kuchongwa, ya tani 5 hadi 10, yaliyopangwa kwa ustadi na kushikizwa kwa saruji. Bahari haikungoja hata wamalize. Mwaka 1864 ikabeba majukwaa ya kazi. Miaka iliyofuata ikabeba vipande vya ukuta wenyewe. Kila likibomoka, wanarudi na kitu kizito zaidi. Mwishowe wakaweka kwenye ncha mawe ya zege ya tani 80 na 100, na juu yake wakamimina kofia moja ya zege ya zaidi ya tani 800, wakaifunga na mawe ya chini kwa fito za chuma nene kama mkono wa mtoto. Nani angetikisa kitu kama kile?

Desemba 1872 ilikuja dhoruba ya siku kadhaa. Mhandisi msimamizi alikuwa juu ya genge anaangalia. Akaona ncha ile inayumba, inazungushwa kidogo kidogo kwa kila pigo, hadi ikang'oka na kutua upande wa ndani wa bandari. Walipopima baadaye wakakuta kilichohama ni tani 1,350 kwa pamoja. Zile fito za chuma hazikukatika. Zilishika barabara, kiasi kwamba kofia ilipoondoka iliondoka na mawe ya chini yake, kama mtu anayeng'olewa na kiti chake. Wakajenga tena, safari hii pande la tani 2,600. Mwaka 1877 nalo likachukuliwa. Hapo kazi ikaachwa. Maji yakipwa sana bado unaona safu ya mawe inatokeza, na wenyeji wanakuonyesha bila kuulizwa.

Sasa swali ambalo mimi kama mwanafunzi wa ujenzi lilininyima usingizi: mtu aliyepima tani 30 kwa mita ya mraba kwa mkono wake mwenyewe, alishindwaje?

Jibu fupi ni kwamba alijibu nguvu kwa uzito. Akili ya wakati ule, na si yake peke yake, iliona wimbi kama nyundo na ukuta kama kitu kinachogongwa. Nyundo ikizidi, ongeza uzito. Lakini wimbi si nyundo. Ni nguvu inayosafiri ndani ya maji, na lazima iende mahali. Ukuta mzima usiopitisha kitu haumezi nguvu hiyo hata kidogo, unairudisha. Wimbi la mita 4 likifika ukutani na kurudishwa lote, linakutana na lile linalokuja nyuma yake, na mbele ya ukuta maji yanapanda na kushuka mita 8. Yaani ukuta umejiongezea adui. Maji hayo yanayopanda na kushuka yanachimba mguu wa ukuta. Lundo la mawe chini nalo linayainua mawimbi yavunjike hapo hapo mlangoni, mahali pabaya kuliko pote.

Na kuna jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho. Wimbi likiwa juu mbele ya ukuta, msukumo wake unapenya ndani ya lundo la mawe chini na kulisukuma pande la zege kwenda juu. Pande hilo tayari limepungukiwa, kwa maana zege likizama baharini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Kwa hiyo ule uzito wa tani 1,350 uliokuwa kwenye karatasi haukuwa tani 1,350 pale Wick. Linaelea nusu, linainuliwa kutoka chini, linasukumwa kutoka mbele. Hapo halihitaji muujiza.

Njia ya pili ya kumpokea mgeni huyu ni kumfungulia mlango. Rundika mawe makubwa yasiyobanana, ukingo ulale mteremko, na uache mapengo. Katika lundo la kawaida, kama asilimia 40 ya nafasi yote ni tupu, imejaa maji na hewa. Wimbi likija linapanda kwenye mteremko, linaingia kwenye mapengo, linagawanyika vijito elfu, kila kijito kinakwaruzana na mawe, kinakata kona, kinazunguka, kinagongana na mwenzake. Nguvu inaishia humo katika misukosuko na joto dogo lisilopimika. Wimbi linatoka limechoka.

Tuweke tarakimu, msiogope. Nguvu ya wimbi inakwenda na mraba wa urefu wake. Tuseme wimbi la mita 4 limefika kwenye lundo, limerudi wimbi la mita 1.6 na upande wa pili limetokea la sentimita 80. Lililorudi ni sehemu 0.4 ya urefu, kwa hiyo limebeba asilimia 16 ya nguvu. Lililopita ni sehemu 0.2, limebeba asilimia 4. Zinazobaki, asilimia 80, zimekufa ndani ya mawe. Ukuta wa Wick ulikuwa unazirudisha karibu zote baharini, kisha unazipokea tena.

Nisije nikaonekana namcheka mzee wa watu. Lundo la mawe lina bei yake. Kwa kuwa limelala mteremko, kila ukienda kina kirefu linanenepa, na mawe yanayotakiwa ni mengi kupindukia. Pale Plymouth, kusini mwa Uingereza, walikuwa wameanza lundo la namna hiyo mwaka 1812, dhoruba za 1817 na 1824 zikayalaza mawe hadi mteremko ukawa mlegevu sana, wakakubali na kuuacha ulale hivyo. Ilichukua miongo. Wavuvi wa Wick hawakuwa na mfuko wa jeshi la wanamaji. Tena lundo halizuii kila kitu. Mawimbi mafupi linayamaliza, lakini yale marefu ya bahari kuu, yenye mpigo wa pole pole, yanapenya zaidi na kuzisumbua meli ndani. Mapengo yakiwa makubwa mno bandari haitulii, yakiwa madogo mno umerudi kwenye ukuta. Kupata kipimo chake ndiyo kazi.

Na hesabu ya kazi hiyo haikuwepo. Mfaransa Henry Darcy alikuwa ameshatoa mwaka 1856 kanuni ya maji yanavyopita kwenye mchanga, lakini alikuwa anashughulika na maji ya kunywa ya mji wa Dijon, maji ya taratibu. Ya kasi yalingoja hadi 1901, Forchheimer alipoongeza kwamba maji yakikimbia, upinzani unakua kwa mraba wa kasi. Kuyaunganisha hayo na mawimbi ya bahari yanayoingia na kutoka kwenye kivunja mawimbi, mpaka upate kwa kalamu ni kiasi gani kitarudi na kiasi gani kitapita, kulifanywa na Sollitt na Cross mwaka 1972. Hesabuni wenyewe kutoka dhoruba ya Wick. Miaka 100.

Kuna jambo moja linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mtu huyu huyu alishajua, kwa upande wa hewa, kwamba usishindane nayo kwa kuifungia nje. Kuta za kisanduku chake cheupe zina nafasi kwa makusudi. Wazo lilikuwa limesimama bustanini kwake kwa miguu minne, na kule Wick anamimina zege lisilopitisha hata tone. Siwezi kumlaumu. Hewa ya bustani na Bahari ya Kaskazini si vitu ambavyo mtu huviweka kwenye sentensi moja.

Ninachomheshimia zaidi ni alichofanya baada ya kushindwa. Toleo la pili la kitabu chake cha bandari lilitoka mwaka 1874, na dhoruba ya Wick imo humo, na uzito wake, na vipimo vya lile pande, na jinsi lilivyoondoka. Mtu alikuwa na nafasi ya kunyamaza, ofisi yake ikaendelea kupata kazi. Akaandika. Ndiyo maana hadi leo wanafunzi wa bandari dunia nzima wanajua tani 1,350, wakati kuta nyingi zilizobomoka karne ile hakuna anayezikumbuka.

Waliokuja baada yake walikwenda upande wa mapengo, na hapa Afrika inaingia, si kwa kulazimisha. Mwaka 1950 Wafaransa wa Grenoble walibuni jiwe la zege lenye miguu minne, tetrapodi, ambalo likirundikwa linaacha nafasi kubwa na bado linashikana na wenzake. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa Casablanca, Morocco, kukinga mahali ambapo mtambo wa umeme wa Roches Noires ulikuwa unavuta maji ya bahari. Kisha miaka ya 1960, katika bandari ya East London, Afrika Kusini, wakabuni dolosi, umbo kama herufi H iliyosokotwa mguu mmoja. Jina ni la kimchezo, la vile vifupa vya vifundo vya miguu ya mbuzi ambavyo watoto walichezea. Ukipita kwenye bandari yoyote kubwa ukaona zege za ajabu ajabu zimetupwa ovyo mbele ya maji, ujue hazikutupwa ovyo. Hata ukuta wa wima uliokolewa kwa njia hiyo hiyo, Jarlan alipopendekeza mwaka 1961 utobolewe matundu mbele na kuachiwa chumba nyuma yake, wimbi liingie likapoteze nguvu humo.

Na sisi wa pwani tunavyo vya kwetu ambavyo hakuna mhandisi aliyevichora. Mwamba wa matumbawe ni kivunja mawimbi chenye matundu, kinachojikarabati chenyewe kikiachwa hai. Mikoko ni hivyo hivyo, mizizi yake inafanya kazi ya mapengo. Kule kwetu watu wamevua kwa baruti miaka mingi, mwamba ukavunjwa vunjwa, halafu bahari ikianza kula ufukwe tunakimbilia kuomba ukuta. Nikiona picha ya ukuta mpya wa wima, uliopigwa lipu ukang'aa, siku hizi naangalia kwanza mguu wake uko wapi na kama mbele kuna mawe yoyote. Wenzangu nyumbani wananiambia nimeharibika.

Nirudi kwa mzee, nimalize. Alioa mwaka 1848, mke wake Margaret Balfour, wakapata mtoto mmoja tu, Louis, aliyezaliwa mwaka 1850 na kifua kibovu. Baba alitaka awe mhandisi kama ukoo wote. Mwaka 1868 akampeleka Wick ajifunze kazi, na kijana akavaa nguo za chuma na shaba za wapiga mbizi akashuka chini kuona mawe yanavyopangwa. Kushuka alikupenda. Uhandisi wenyewe hakuupenda, na mwaka 1871 akamwambia baba yake kwamba anaacha. Baba aliumia lakini hakumfukuza, akamwambia basi asomee sheria. Baadaye waligombana vibaya zaidi kuhusu dini, maana mzee alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli na kijana alikuwa ameacha kuamini. Na bado mzee aliendelea kumtumia hela, na hadithi ya maharamia ilipokuwa inaandikwa akakaa na kuorodhesha kwa mkono wake vitu vya kuwekwa kwenye sanduku la baharia. Wenzetu mnaotumiwa ada na mzee ambaye hataki kozi mliyochagua mtakuwa mnamwelewa.

Thomas alikuwa mtu wa kicheko na wa huzuni ndefu, vyote kwa zamu. Aliamini hakustahili sifa alizopewa. Mwaka 1884 alichaguliwa rais wa Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Edinburgh, akiwa tayari afya inamtoka. Akafariki nyumbani kwake Heriot Row tarehe 8 Mei 1887. Louis alifika akamkuta hamtambui tena, na siku ya mazishi mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakwenda. Baadaye, katika kuandika habari za baba yake, hakuificha Wick, aliiweka wazi kama pigo kubwa katika maisha yake ya kazi.

Agosti ya mwaka huo huo Louis alipanda meli kwenda Marekani na hakurudi tena Uingereza. Alikuja kufia Samoa mwaka 1894. Mama yake, mjane wa Thomas, alipanda naye meli ile.